Amana ya Kalamu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya vijana wa vyuo na walimu wao, Buyenzi, Bujumbura)



Nashukuru kwa heshima niliyopewa ya kusema machache juu ya jambo lililoingia majumbani mwetu bila ya kubisha hodi. Tangu tarehe 30 Novemba 2022, kampuni ya OpenAI ya Marekani ilipotoa ChatGPT, mwanafunzi mwenye simu aweza kuiamuru mashine imwandikie insha nzima kwa Kifaransa kizuri, kabla chai yake haijapoa. Ilimu hii huitwa akili bandia. Wengine huiita akili mnemba. Je, kijana wetu aitumie au aiepuke?

Yatupasa kwanza kuijua. Mashine hii imelishwa maandishi mengi mno, na kwayo imejifunza neno lipi huelekea kufuata neno lipi. Inapojibu hutunga maneno yanayoelekea kufaa. Haisemi kama shahidi aliyeona. Ndiyo maana kweli na uongo huvitoa kwa sauti moja. Mwezi wa Juni 2023 jaji mmoja wa New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000, kwani walipeleka mahakamani kesi ambazo hazijapata kuwako: ChatGPT ilizizua, nao hawakuzihakikisha. Ikiwa hayo yaliwapata watu wa Kiingereza, lugha ambayo mashine imelishwa zaidi, sisi na tujihadhari mara mbili, kwani Kiswahili ilicholishwa ni kidogo, na Kirundi ni kidogo zaidi.

Sisi tunayo mizani ya zamani. Maulamaa wa Hadithi hawakupokea neno mpaka wajue limetoka kwa nani, na huyo amelipata kwa nani. Hiyo ndiyo isnadi. Na mara nyingi mwalimu hakumpa mwanafunzi ijaza ila baada ya kumsikiliza akisoma mbele yake. Shahada ya chuo kikuu nayo ni ijaza: ni ushahidi kwamba mtu huyu anajua. Anayeipata kwa maandishi asiyoyaelewa amebeba ushahidi wa uongo, na madhara yake hayamwishii yeye. Yatamfikia mgonjwa atakayetibiwa naye, na watakaopita juu ya daraja alilolijenga.

Jambo hili mafundi wetu wa magari hapa Buyenzi wanalijua vyema. Kijana anayejifunza kazi hupewa spana, lakini spana haimfundishi kusikia ugonjwa wa injini. Kama kila siku wengine ndio wafunguao na kufunga, mwaka utakwisha na mikono yake haijui kitu. Na uandishi ni vivyo hivyo: taabu ya kutafuta neno na kuipanga hoja ndiyo masomo yenyewe.

Sisemi haya kwa kuwadharau vijana, kwani mzigo wao ni mzito. Mtoto wa Buyenzi huzungumza Kiswahili nyumbani, Kirundi na majirani, husoma kwa Kifaransa, na siku hizi hutakiwa na Kiingereza pia. Kwake mashine hii yaweza kuwa msaada wa halali: imfafanulie neno gumu, imwonyeshe kosa la sarufi katika sentensi aliyoitunga mwenyewe, imwulize maswali ajipime kabla ya mtihani.

Nanyi walimu, msihukumu kwa dhana. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wa mwaka 2023 ulionyesha kuwa programu za kutambua maandishi ya mashine, kwa wastani, zilizituhumu zaidi ya nusu ya insha walizoandika kwa mikono yao watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. OpenAI yenyewe iliiondoa programu yake ya namna hiyo mwezi wa Julai 2023, kwa kuwa haikuwa sahihi vya kutosha. Mwiteni mwanafunzi, mkae naye, mumwulize alichokiandika. Mwenye kujua atajieleza.

Basi vijana, nawausieni mambo matatu. La kwanza, fikiri na uandike mwenyewe kabla ya kuuliza mashine, hata ikiwa rasimu yako ya mwanzo ni ya Kiswahili. La pili, kila habari itokayo katika mashine itafute kitabuni au kwa mwenye kujua, usipoiona, iache. La tatu, fuata sheria ya chuo chako, na ukisaidiwa, sema umesaidiwa wapi.

Kumbukeni ada zenu zimetoka wapi. Nyingi zimetoka soko la Ruvumera na gereji za mitaa hii, faranga juu ya faranga. Wazee waliozitoa wanangoja watoto wenye ilimu vifuani mwao, ambao hata simu ikizimika watajua la kusema. Hiyo ndiyo amana, msiihini.

Mwenyezi Mungu atupe ilimu yenye manufaa. Wassalaamu alaykum.