Kubuni na Kujua: Somo la Mnadani Feri



Kiswahili kina kitenzi chenye sura mbili. Mtu akitunga habari za uongo, tunasema amezibuni. Mhandisi akichora daraja ambalo bado halipo, naye amebuni. Wengi wetu tumelelewa kuiogopa sura ya kwanza hadi tukaipoteza ya pili. Mtoto akitamka jambo asilolisoma kitabuni, huambiwa aache kubuni, ajibu swali. Leo namtetea mtoto huyo, na shahidi wangu nimemtoa Feri, soko la samaki la Dar es Salaam.

Alfajiri moja nilisimama mnadani. Dalali akamwaga tenga la changu na kolekole. Pale samaki walinadiwa kwa fungu, mizani hakuna, kwa hiyo jicho ndilo lililopima. Mama mmoja mbele yangu akapandisha bei mara mbili, ya tatu akanyamaza, fungu likaenda kwa mwingine. Nikamuuliza kwa nini ameliacha.

“Mwanangu, lile nimeshalikaanga,” akasema. “Haliniachii kitu.”

Hakuwa amewasha jiko. Kichwani mwake alishalipa barafu, nauli, mafuta na mkaa, akakata vipande, akaona nani atanunua taslimu na nani atakopa. Alikwenda hadi jioni ya siku hiyo, akarudi, na dalali alikuwa bado anaita bei. Mimi naliita hilo ujuzi, tena wa daraja la juu, kwa kuwa kila siku akinunua, jioni sufuria humsahihisha.

Mvuvi aliyewaleta samaki hao naye hauoni mwamba anaouvulia. Huoanisha mnazi na mnara ulio nchi kavu, kisha alama nyingine mbili upande wa pili. Mistari inapokatana, hushusha mshipi. Chini ana milima na mabonde aliyoyajenga mwenyewe kwa miaka, kutokana na yale ambayo kamba ilimwambia kiganjani: hapa chubwi imegonga jiwe, hapa imezama topeni.

Nani basi atasema wasomi hufanya vingine? Desemba 1938, Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa makumbusho ya East London, Afrika Kusini, alikuta katika rundo la samaki wa meli ya uvuvi mmoja asiyemjua. Akamchora, akampelekea mchoro J.L.B. Smith, mwalimu wa kemia aliyependa mno samaki. Smith akamtambua kwa mistari michache ya kalamu: silikanti. Aliwezaje, ilhali mabingwa wa elimu ya samaki walikuwa hawajawahi kumwona mwenye nyama? Waliomtangulia walikuwa wamekaa na mabaki yaliyogeuka mawe, wakayavika nyama, magamba na mapezi yenye mashina kama viungo. Walimbuni, na wakapatia. Lakini waliamini pia kwamba ukoo wake ulikwisha zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, na hilo bahari ikalikataa.

Wakati huohuo wavuvi wa Komoro walikuwa wakimwita gombessa, wala hawakumtamani mezani. Walimshika kwa mikono yao. Umri wa ukoo wake hakuna kilichowaonyesha. Wasomi walikuwa na umri bila samaki. Nusu hizo mbili zilikutana mwaka 1952, Smith alipompata wa pili visiwani humo. Kwetu Tanzania silikanti aliingia kwenye nyavu huko Kilwa mwaka 2003, kisha Tanga akanaswa kwa makumi katika majarife ya papa, na mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari yenye jina lake. Huwa najiuliza ni wangapi waliovuliwa kabla ya hapo wakakatwa vipande, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwambia mvuvi alichoshika, wala wa kumsikiliza mvuvi.

Ndiyo maana siwezi kuridhika na mtihani unaouliza tu kilichokwisha kujulikana. Muhula ujao nitawapeleka wanafunzi wa mwaka wa kwanza Feri, saa kumi na moja alfajiri, kila mmoja na daftari lake. Kabla dalali hajafungua kinywa, aandike fungu litauzwa shilingi ngapi, na kwa nini. Kisha asimame karibu na yule mama, asubiri bei.