Ukuta Ukiota Ukungu, Nani Apime?
(Maneno ya Katibu mbele ya wanachama)



Mafuriko ya Desemba 2011 yalitufundisha: maji yaliondoka Kigogo, unyevu ukabaki ukutani. Ukaota ukungu, watoto wakakohoa. Tukimwita fundi wa rangi akague, jamani, atasema nini? Paka rangi! Masika yakija, ukungu huo tena, na pesa imekwenda.

Mpimaji asiwe muuzaji. Tuanze wenyewe: bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zote kwa selotepu, ngoja siku mbili. Ikilowa upande wa ukuta, maji yamo ukutani, tafuta yanakoingilia. Ikilowa upande wa chumba, hewa haipiti, fungua madirisha.

Naomba mkutano uchague wapimaji wawili, wasiouza rangi wala saruji.