Soma Jina, Soma na Kitenzi
Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Viwanja Sitini, Ifakara



Kusoma tumekwisha jua. Leo tujifunze kupekua tulichosoma. Maana mkulima anaweza kusoma karatasi yote, na bado akapunjwa.

Tuanze hapa hapa kwetu. Kata yetu inaitwa Viwanja Sitini. Neno "viwanja" ni jina la kitu. Shuleni huitwa nomino. Neno "sitini" linatuambia ni viwanja vingapi. Yakikaa pamoja, hilo ni kundi la jina. Jina ndilo kichwa, mengine hulifuata.

Hebu tazameni makundi haya: gunia la mpunga, gunia la mpunga la kilo 80, gunia la mpunga la lumbesa. Kichwa ni kimoja, gunia. Je, thamani ni moja? Hata kidogo! Basi tukiandikiana na mnunuzi, tusiishie kwenye "magunia kumi ya mpunga". Tuandike na kilo za kila gunia.

Sasa tuje kwenye kitenzi, yaani neno la kutenda. Mwaka 1997 vilianza kuuzwa vyandarua vya Zuia Mbu katika wilaya za Kilombero na Ulanga. "Mbu" ni jina. Peke yake linataja mdudu tu. "Zuia" ni kitenzi, ndicho kinachotupa kazi ya kufanya. Kitenzi pamoja na maneno yanayokikamilisha ni kundi la kitenzi.

Kitenzi cha Kiswahili hubeba mzigo mkubwa. Chukueni neno "atatulipa". "A" ni yule mlipaji. "Ta" ni wakati ujao. "Tu" ni sisi. "Lipa" ni tendo lenyewe. Mwingereza huyatenganisha hayo: he will pay us. Maneno manne kwa neno letu moja!

Hasara huingia hapo. "Mnunuzi amelipa." "Mnunuzi atalipa." Tofauti ni silabi moja tu, lakini ya kwanza ni fedha mkononi, ya pili ni ahadi.

Someni na hii: "Magunia kumi ya mpunga yamepokelewa." Kundi la jina ni "magunia kumi ya mpunga". Kitenzi ni "yamepokelewa". Nani amepokea? Haisemi. Yamelipiwa? Haisemi. Karatasi hiyo inaonyesha kwamba mpunga umetoka, basi. Kabla ya kuweka sahihi, tudai yaandikwe jina la aliyepokea, bei, na siku ya malipo.

Tena tuangalie chupa za dawa za shamba. Nyingine zina maandishi ya Kiingereza. Katika Kiingereza sifa hutangulia na jina hufuata: clean water ni maji safi. Kwa hiyo tusilichukue neno la kwanza tukadhani ndilo kichwa.

Na katazo je? Sisi tunasema "usinywe", neno moja. Kiingereza kinasema do not drink, maneno matatu. Anayelijua hilo la mwisho tu atadhani anaambiwa anywe! Kumbe neno not ndilo linalokataza. Ndugu zetu, hapo hatupotezi fedha, tunapoteza mtu. Usipoelewa maandishi ya dawa, usiifungue. Muulize bwana shamba au mtu mwingine anayekijua Kiingereza vizuri.

Basi tushike maswali mawili. Kwenye jina tuulize: kitu gani, cha nani, kiasi gani? Kwenye kitenzi tuulize: nani anatenda, limekwisha tendeka, litatendeka, au linakatazwa?

Leo jioni kila mmoja atoe karatasi moja aliyoitunza nyumbani, stakabadhi au hati ya shamba. Apige mstari mmoja chini ya kila jina, na mistari miwili chini ya kila kitenzi. Kisha aisome tena polepole pamoja na wa nyumbani mwake.