Mtoto Anapopigwa Picha: Asimame Vipi, na kwa Faida ya Nani?

(Maneno haya yalisemwa na mpiga picha mmoja wa mjini Eldoret mbele ya vikundi vya kujisaidia kutoka Turbo, Moiben na Kaptagat. Tumeyaandika karibu vile alivyoyasema.)

Nimeombwa niongee juu ya picha za watoto. Najua wengine wenu mnasema moyoni, "Sisi tumekuja kuzungumza mambo ya ng'ombe wa maziwa na pesa za mzunguko, na huyu anatuletea mambo ya picha?" Nivumilieni kidogo. Mwisho mtaona ni jambo la kikundi.

Nilianza kazi hii wakati wa filamu. Filamu moja ilikuwa na picha 36, na kila picha ilikuwa pesa. Mtu alimleta mtoto mjini mara moja, pengine siku ya ubatizo au siku ya kuanza shule. Studio ilikuwa na pazia la kuchorwa, maua ya plastiki na kiti kimoja. Tukamwamuru mtoto, "Simama wima! Mikono chini! Usicheke!" Ndiyo maana katika picha nyingi za zamani watoto wamesimama kama askari wanaongojea kukaguliwa.

Mwezi wa Januari 2008, baada ya ule uchaguzi wa Desemba 2007, nyumba nyingi kando ya mji huu zilichomwa, na maelfu ya watu wakalala katika uwanja wa maonyesho hapa Eldoret. Baadaye mama mmoja alikuja kwangu. Hakuja kupigwa picha. Aliuliza kama bado ninayo negativu ya picha ya kijana wake niliyempiga miaka mingi nyuma. Mtoto huyo alikuwa amefariki kwa homa akiwa na miaka minne, na picha yake moja tu iliyokuwako iliungua pamoja na nyumba.

Tulitafuta ndani ya maboksi siku mbili, tukaipata. Mtoto amesimama, ameinamisha kichwa, macho hayaonekani, kwa sababu siku hiyo mimi nilikuwa na haraka. Mama alilia, akanishukuru sana. Lakini mimi nilirudi nyumbani na aibu. Sura yake yote iliyobaki duniani ni ile, na mimi sikungoja hata dakika moja ainue macho!

Siku hizi karibu kila boma lina simu yenye kamera. Kwa hiyo haya nawaambia nyinyi, si wapiga picha wa mjini peke yao.

KWANZA, SHUKA CHINI. Mtu mzima akisimama na kumpiga mtoto picha kutoka juu, mtoto anatoka kichwa kikubwa na miguu mifupi, na anaonekana kama mtu anayeomba. Piga goti, au kaa kwenye kigoda, mpaka macho yako na yake yawe sawa.

PILI, TAFUTA MWANGA MZURI. Sisi tuko karibu sana na Ikweta. Saa sita mchana jua liko juu ya utosi, na macho ya mtoto yanageuka mashimo meusi. Piga asubuhi kabla ya saa tatu, au jioni baada ya saa kumi. Kama ni mchana, mweke mtoto ndani ya nyumba, hatua moja kutoka mlangoni, akitazama nje. Mlango wa nyumba ya udongo unatoa mwanga laini kushinda taa nyingi za studio.

TATU, ANGALIA NYUMA YAKE. Msimsimamishe mbele ya mabati mapya au ukuta mweupe unaopigwa na jua. Kamera inapima weupe ule na kupunguza mwanga wote, na uso wa mtoto unatoka mweusi kama mkaa. Halafu watu wanasema mtoto ndiye mweusi sana. Hapana, kosa ni la mpigaji. Tumieni ua la miti, ukuta wa udongo, au leso iliyotandikwa kwenye kamba. Na mafuta ya kujipaka yawe kidogo, maana yakizidi, paji la uso linang'aa kama sufuria.

NNE, MPE MTOTO NAFASI. Mtoto mchanga ambaye hajakaa, apakatwe na mama, au alazwe juu ya blanketi karibu na mlango. Mwenye miaka miwili, mpe kitu anachokijua mkononi, hata kikombe chake au gunzi la mahindi. Yule mkubwa, muulize mwenyewe, "Unataka kukaa wapi? Unataka kushika nini?" Kijana mmoja aliniambia anataka kusimama na ndama wake. Picha ile ilikuwa nzuri kuliko zote nilizopiga mwaka huo. Na msipige kelele "Cheka! Cheka!" Mtoto aliyelazimishwa kucheka anaonyesha meno tu. Ongea naye, ngoja.

TANO, ANGALIENI NANI AMEWEKWA PEMBENI. Hapa naomba tusemezane ukweli. Nimepiga familia nyingi. Watoto wa nyumbani wako mbele na viatu, na yatima wa ndugu yao amesimama nyuma, nusu ya uso imekatwa. Wengine wanamficha mtoto mlemavu ndani mpaka picha iishe. Mtoto anaona. Akikua ataitazama picha hiyo ukutani kila siku, na itamwambia mahali pake katika nyumba hii. Wapangeni kwa urefu, au kwa umri, wote mbele. Mwenye magongo ashike magongo yake akitaka, ayaweke kando akitaka. Aulizwe yeye.

Sasa nije kwa jambo lililo gumu zaidi. Wakati mmoja niliitwa na mgeni aliyekuwa anatafutia watoto wafadhili. Mama mmoja alikuwa amemvalisha binti yake sweta safi na viatu vya kuazima kwa jirani. Mgeni akasema, "Hapana, mvue viatu. Mvue na sweta. Asicheke." Mtoto akamtazama mama yake, mama akatazama chini. Mimi nikapiga. Nililipwa, nikanunua unga. Sina la kujitetea.

Nyinyi wenyewe mnajua mambo haya. Mradi unatafuta pesa, barua inahitaji picha, na mtu anasema mtoto mwenye kamasi na nzi usoni ndiye ataleta pesa. Hata huko ng'ambo walishaona ubaya wake. Baada ya picha za njaa ya Ethiopia ya 1984 na 1985 kuzunguka dunia nzima, mashirika ya Ulaya yalikubaliana mwaka 1989 juu ya kanuni ya kuheshimu utu wa watu katika picha. Kwa hiyo mfadhili akiwaambia mvueni mtoto viatu, mna haki ya kukataa. Mwambieni, "Tutakuonyesha kisima kilichokauka. Mtoto wetu atavaa viatu."

Msifikiri ninasema picha ni kitu kibaya. Baada ya mauaji ya Rwanda ya 1994, watoto maelfu walipoteana na wazazi wao. Wafanyakazi wa misaada waliwapiga picha, mmoja mmoja, wakabandika picha hizo mahali wazazi watapita. Wako wazazi waliowatambua watoto wao hivyo. Mtoto mdogo pengine hajui jina la baba yake wala la kijiji, lakini uso wake unasema. Picha ya namna hiyo haihitaji maua: uso wote, mbele, macho wazi, hakuna kofia. Kila mzazi awe nayo moja, na aipige upya kila mwaka, maana watoto wanabadilika haraka.

Iko pia sheria. Katiba yetu ya 2010 inasema, katika kila jambo la mtoto, faida ya mtoto ndiyo ya kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mzazi au mlezi akubali kabla habari za mtoto hazijatumiwa, na picha ni habari zake. Msidhani ni maneno ya karatasi tu. Mnamo Septemba 2023 shule moja ya Uthiru ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Sasa kikundi chenye ng'ombe sita kitalipa na nini?

Basi kikundi kiwe na daftari. Andikeni: picha ya nani, imepigwa siku gani, itatumiwa wapi, mzazi ametia sahihi au kidole. Na mtoto mwenyewe akikataa, muache. Picha yenye jina la shule kwenye sweta, au yenye jina kamili la mtoto, msiitume ovyo kwenye simu. Mtu mbaya atajua pa kumngojea.

Mwisho, zitunzeni. Simu inaibwa, simu inaanguka ndani ya ndoo. Chagueni picha mbili kwa mwaka, mkazichapishe mjini. Andikeni nyuma kwa penseli jina na mwaka. Kopi moja iwekwe kwa shangazi au nyanya anayeishi mbali na nyumba yenu. Mimi nilijifunza hivyo mwaka wa 2008 kutoka kwa yule mama. Negativu yangu ndiyo ilikuwa kopi yake, na hakuna kati yetu aliyekuwa amepanga hivyo.

Ni hayo tu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika picha zilizoko nyumbani kwetu, kuna mtoto aliyeachwa nje au kuwekwa pembeni? Kwa nini?

2. Je, kikundi chetu kimewahi kutuma picha za watoto kwa wafadhili? Wazazi waliulizwa? Watoto waliulizwa?

3. Nani kati yetu atatunza daftari la idhini, na tutaanza lini?

4. Kama nyumba ingeungua usiku huu, picha za watoto wetu ziko wapi kwingine?