Uhaba wa Risasi na Ulinzi wa Mashamba
(Maelezo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Ngara na Biharamulo)



Mkulima mwenye leseni ya bunduki ya marisau huitegemea kulinda mihogo na mahindi yake. Risasi zinapoadimika na bei kupanda, hushawishika kununua za magendo.

Wenyeji wanafahamu gharama ya biashara hiyo. Baada ya vita vya nchi jirani vya miaka ya 1990, silaha haramu zilienea mipakani, hata mabasi yakasindikizwa na polisi katika mapori ya Biharamulo. Anayenunua risasi ya magendo humtajirisha yule yule anayewapatia majambazi. Tena, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haitamwonea huruma kwa kuwa ni mkulima.

Dawa ya uhaba ni kupunguza matumizi. Nyani huja mchana, nguruwe mwitu usiku. Basi mashamba yanayopakana yawekewe zamu mbili, kwa madebe, mioto na mbwa. Vichaka vya mipakani vifyekwe. Mavuno yaliyokomaa yasicheleweshwe shambani. Katibu aandike zamu daftarini, na asiyefika aulizwe mkutanoni.

Mwenye bunduki ahesabu risasi zake, azifungie mahali pakavu, wala asimwazime mtu. Mnyama akirejea katika Hifadhi ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka 2019, asifuatwe.

Risasi moja hulinda shamba moja kwa usiku mmoja. Zamu hulinda ya wote hadi mavuno.