Jazi, Chemko na Kufoka: Lugha ya Ubunifu wa Papo kwa Papo katika Muziki wa Vitongoji vya Dar es Salaam



1.0 Utangulizi

Mhadhara huu unahusu wanamuziki wanaobuni muziki wakati uleule wanapoupiga. Nchini Marekani ubunifu wa aina hii ulipata jina baada ya mpiga saksafoni Ornette Coleman kurekodi, mwezi Desemba 1960, albamu aliyoiita Free Jazz, yaani jazi huru. Vikundi viwili vya watu wanne wanne vilipiga kwa pamoja kwa takribani dakika 37, vikiongozwa na vipande vifupi tu vilivyotungwa kabla. Kila mpigaji alisikiliza wenzake na kuamua papo hapo aseme nini.

Swali langu ni la mwanaisimu. Je, ubunifu wa papo kwa papo umo katika muziki wa vitongoji vya Kinondoni na Temeke? Na kama umo, Kiswahili kinauzungumziaje? Nitadai kwamba umo, na kwamba lugha yetu ina msamiati wake wa kuuelezea, ambao haukujengwa juu ya dhana ya uhuru bali juu ya picha ya chungu kilicho motoni. Nitadai pia kwamba msamiati huo, pamoja na uzuri wake, unatuficha jambo moja kubwa: nani hasa aliyepika.

2.0 Majina Yaliyovuka Bahari

Tuanze na neno lenyewe. Waswahili walilikopa neno la Kiingereza la kundi la wapigaji mara mbili. Mara ya kwanza lilitupa beni, ngoma ya gwaride na mashindano iliyoenea katika miji ya pwani. Mara ya pili likatupa bendi. Jazi nayo ilikuja kama sehemu ya jina. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, na baadaye zikafuata Morogoro Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz na, mwaka 1964, NUTA Jazz. Bendi hizi zilipiga zaidi rumba na mitindo mingine ya dansi iliyofika kwa sahani za santuri kutoka Kuba na Kongo. Katika majina hayo, jazi ilimaanisha bendi ya dansi yenye magitaa na ala za kupuliza. Ni mfano mzuri wa neno la mkopo kupanua maana.

Safari ya upande wa pili haijulikani sana miongoni mwetu. Mwaka 1960 mpiga piano Randy Weston alirekodi albamu ya Uhuru Afrika, ambamo Mtanganyika Tuntemeke Sanga alighani kwa Kiswahili shairi la Langston Hughes. Mwaka 1971 Sun Ra na kundi lake walipiga mjini Cairo, na sehemu ya rekodi za safari hiyo ikatolewa kwa jina la Nidhamu. Mwaka huohuo Herbie Hancock alitoa albamu ya Mwandishi, nalo ndilo jina lake la Kiswahili. Wenzake katika kundi walijiita Mwile, Mchezaji, Jabali, Pepo Mtoto na Mganga. Huyu wa mwisho, mpiga tarumbeta Eddie Henderson, alikuwa kweli daktari wa tiba. Kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya heshima na ya asili iliyopotezwa kwa nguvu ya utumwa.

Basi Dar es Salaam ilichukua jina la jazi bila kuchukua jazi yenyewe, na wanajazi wa Marekani wakachukua maneno ya Kiswahili bila kuchukua muziki wa Waswahili. Hakuna wa kulaumiwa hapo, kwani ndivyo maneno yanavyosafiri. Lakini mtafiti anayekuja kutafuta ubunifu huru kwa kufuata jina la jazi atapotea njia. Hana budi kufuata maneno ambayo wapigaji na wachezaji wenyewe huyatumia.

3.0 Chungu Motoni

Wimbo wa muziki wa dansi kwa kawaida una sehemu mbili. Ya kwanza huenda taratibu, na humo ndimo yalimo mashairi yaliyotungwa na kukaririwa. Ya pili huitwa chemko. Hapo mwendo huongezeka, magitaa huanza kujibizana, ala za kupuliza huingilia kati, na waimbaji hutupa miito mifupi. Mlimani Park Orchestra, iliyoanza mwaka 1978 na mtindo wake wa Sikinde, pamoja na ile iliyokuwa NUTA Jazz, ambayo leo twaijua kwa jina la Msondo Ngoma, zilijenga sifa zao kwa kiasi kikubwa katika sehemu hii. Ukumbini, urefu wa chemko huamuliwa na miguu ya wachezaji. Mpiga solo huwatazama, akaona wamechoka au bado, kisha akaamua.

Tuyapange sasa maneno. Muziki huchemka, hukolea, hunoga. Anayetoa maneno kwa kasi hufoka, na muziki wa rap ulipoingia nchini uliitwa muziki wa kufokafoka. Foka, kwa maana yake ya msingi, ni kutoka kwa nguvu kama kimiminika kinachochemka na kumwagika. Maneno yote manne yanatoka jikoni.

Picha hii ina falsafa ndani yake. Mpishi anavijua viungo vyake kabla hajawasha moto, lakini saa ya kukolea haijui mpaka aonje. Hii ni tofauti na picha ya uhuru. Anayesema jazi huru anafikiria kifungo kilichovunjwa. Anayesema chemko anafikiria kitu kilichofikia wakati wake.

Sarufi nayo inatuonyesha zaidi. Katika sentensi "muziki umekolea", kiima ni muziki. Mpigaji haonekani kabisa. Ili aonekane, yatupasa tuingie katika kauli ya kutendesha: anachemsha, anakoleza, ananogesha. Na hata hapo hasemwi kuwa ameumba kitu, amekifanya kiwe. Nitarejea jambo hili.

4.0 Mchiriku na Singeli

Mtu anaweza kusema kwamba chemko la bendi lina mipaka mingi mno kulinganishwa na jazi huru. Ni kweli kwamba mapigo ya kuchezea hayaachwi. Lakini twende vitongojini.

Mchiriku, unaoitwa pia mnanda, ulikua kutokana na ngoma za Wazaramo. Vinanda vidogo vya Casio, vya kutumia betri, huunganishwa na vikuza sauti chakavu na spika za honi. Ngoma na kigoda kinachopigwa kwa vijiti hubeba mapigo. Sauti hukwaruza, na mkwaruzo huo umekuwa sehemu ya muziki wenyewe. Sisi wa vyuo vikuu tunaheshimu kigoda kwa sababu ya anayekikalia. Vijana hawa wanakiheshimu kwa sauti yake. Mpiga kinanda hushika kifungu kifupi, hukirudia, hukigeuza kidogo, hukiacha, hukirejea. Mwaka 2012 kundi la Jagwa Music lilitoa albamu ya Bongo Hotheads kupitia kampuni ya Ubelgiji, na wasikilizaji wa Ulaya wakaufahamu muziki huu.

Singeli ilichota humo. Watayarishaji wa Manzese, Tandale na Mburahati walikata vipande vya taarabu na mchiriku, wakavizungusha na kuviongeza kasi hadi mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, na pengine kuvuka 300. Katika vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku, mwimbaji hufoka juu ya mkondo huo, akiingiza majina ya wenyeji, ya mtaa na ya aliyemtunza sasa hivi. Kuyapatanisha maneno na mapigo kwa kasi hiyo si kelele. Ni umilisi wa silabi za Kiswahili ambao wengi wetu hapa hatuna.

Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa Sounds of Sisso, mkusanyiko kutoka studio ya Sisso ya Mburahati. Zikafuata Tatizo Pesa ya Jay Mitta mwaka 2018 na Uingizaji Hewa ya Duke mwaka 2019. Wasanii hawa wamepiga katika matamasha ya Ulaya yanayokusanya wanamuziki wa majaribio, bega kwa bega na warithi wa akina Coleman. Kwa njia hiyo watu wa pande mbili waliobadilishana majina tu wamekutana hatimaye katika kazi yenyewe.

5.0 Nani Aliyepika?

Hapa ndipo penye hatari. Muziki huu ukielezwa ughaibuni, huelezwa kwa istilahi za huko. Ukielezwa nyumbani, mara nyingi huitwa uhuni. Katika hali zote mbili maneno ya wenyewe hayasikiki.

Na hata maneno hayo, kama tulivyoona, humficha mpigaji. Tunasema muziki umenoga, tunaondoka tumeridhika, hatuulizi nani kaunogesha. Mtunzi wa mashairi hutajwa. Aliyekoleza chemko aghalabu hatajwi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi, na inamtambua pia mtumbuizaji. Lakini haki ya mtu asiyetajwa ni vigumu kuidai.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kamusi zetu zieleze kikamilifu maana za kimuziki za chemko, koleza, nogesha na foka, pamoja na mifano kutoka kwa wasanii. Pili, wanafunzi wa isimu warekodi mazungumzo ya mazoezini, kwani huko ndiko msamiati unakozaliwa. Tatu, kila rekodi inayohifadhiwa iandikwe jina la kila aliyepiga, wa kigoda akiwemo.

Kauli ya kutendesha imo katika sarufi yetu tangu zamani. Tuitumie, na kila tunapoitumia, tumtaje mtenda.