NANI ANATUTAWALA: MHESHIMIWA AU ALIYE NYUMA YAKE?

(Mada iliyotolewa kwa vijana wa Thika na Ruiru baada ya taraweh, na kuandikwa upya kwa ajili ya wasomaji wetu)



 

Ndugu yangu msomaji, keti na vijana usiku baada ya swala, iwe ni Makongeni, Thika mjini au kule Ruiru, utaona mazungumzo hayachukui dakika kumi kabla hayajafika pale pale. Ati rais si rais. Ati mbunge ni kikaragosi tu. Ati kuna watu nyuma ya pazia, wengine wanasema ni Frimasoni, wengine Iluminati, wengine Wamarekani, wengine familia fulani ambayo kila mtu anaijua, na hao ndio wanaoamua kila kitu mpaka bei ya unga. Na mwisho wa mazungumzo huwa ni ule ule: "Sasa mimi nikapige kura ya nini?"

Mimi sitaki kukwambia kwamba hao vijana wanaota. Mkono wa nyuma upo. Ninachotaka tuangalie wewe na mimi ni mkono huo una urefu gani, unashika wapi na unashindwa wapi. Manake mtu akishaamini kwamba mkono huo unaweza kila kitu, ameshamsamehe mheshimiwa wake madhambi yote bila hata kuombwa msamaha! (Hao Frimasoni wenyewe jumba lao liko Nairobi, Barabara ya Nyerere, na linaonekana mchana kweupe. Wacha tuwaweke kando, tuna mambo mazito zaidi ya kuzungumza.)

Anza na Kasarani. Wengi wenu mnapita hapo kila siku na matatu mkielekea mjini. Desemba 1991 wajumbe wa KANU walikusanyika pale, katika uwanja uliopewa jina la Rais Moi mwenyewe. Wakati huo nani angethubutu kusema Moi hana nguvu? Kenneth Matiba na Charles Rubia walikuwa wametiwa kizuizini Julai 1990 kwa kudai vyama vingi tu. Basi wajumbe wakasimama mmoja baada ya mwingine wakivikashifu vyama vingi, wakidhani wanamfurahisha mzee. Kisha mzee akasimama, akasema kifungu cha 2A kitaondolewa na vyama vingi viruhusiwe. Watu walipigwa na butwaa. Kabla mwezi haujaisha Bunge likawa limekifuta kile kifungu.

Kulikuwa na nini? Siku chache tu nyuma, mwishoni mwa Novemba, nchi wafadhili na Benki ya Dunia walikuwa wamekutana Paris wakazuia misaada mipya kwa Kenya kwa miezi sita. Hapo ndipo watu husema, "Unaona? Wazungu ndio walioamua."

Lakini usishuke kwenye gari hapo, bado hatujafika. Wafadhili hao hao walimpa Moi pesa miaka mingi huku watu wakiwekwa kizuizini, na hawakuona shida. Kilichobadilika ni kwamba vita baridi vilikwisha, wakawa hawamhitaji tena kama zamani. Na humu ndani watu walikuwa wameshatoka barabarani siku ya Saba Saba, tarehe 7 Julai 1990, wengine wakapoteza maisha. Bila ya hao, mfadhili angekuwa anasukuma mlango ambao hakuna aliyetaka kupita. Na tena tazama kilichofuata: uchaguzi wa Desemba 1992 Moi alishinda, kwa sababu wapinzani waligawana kura, Matiba na wake, Kibaki na wake, Jaramogi Oginga Odinga na wake. Ule ugomvi wa kila mtu kutaka kuwa yeye, jameni, tusiwasukumie Wazungu.

Sasa lipo lililotugusa sisi Waislamu kwa karibu zaidi. Baada ya bomu la Nairobi la Agosti 1998 na shambulio la Kikambala la Novemba 2002, Marekani ilitaka Kenya iwe na sheria kali ya ugaidi. Mwaka 2003 serikali ya Kibaki, ambayo ilikuwa na miezi michache tu madarakani, ikachapisha mswada. Ndani yake kulikuwa na kipengele kilichomruhusu polisi kumshuku mtu hata kwa sababu ya mavazi yake. Wazee wetu wakauliza swali jepesi: kanzu je? Basi misikiti ikasema, mawakili wakasema, mashirika ya haki za binadamu ambayo si ya Waislamu nayo yakasema, wabunge wakaingiwa na baridi. Mswada ukaanguka. Ukaletwa mwingine 2006 umelainishwa, nao haukupita. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ilikuja kupitishwa 2012.

Hesabu mwenyewe. Miaka tisa! Kama kweli Washington ikikohoa Nairobi inalala, mbona iligonja kiasi hicho?

Lakini sikufichi upande wa pili, manake ungekuwa udanganyifu. Katikati ya miaka hiyo tisa, mwanzoni mwa 2007, watu waliokuwa wakikimbia vita vya Somalia walikamatwa upande wa Kenya. Makumi yao, wakiwemo Wakenya, wanawake na watoto, walipakiwa kwenye ndege wakapelekwa Somalia na kisha Ethiopia bila ya kesi. Wengine walihojiwa huko na maafisa wa Marekani. Hakuna mswada uliosomwa Bungeni wala mbunge aliyeulizwa. Lile ambalo sheria ilikataa kulifungulia mlango lilipitishwa dirishani.

Na ilijulikanaje? Ilijulikana kwa karatasi. Familia zilikwenda mahakamani kuuliza watu wao wako wapi, na zile orodha za abiria wa ndege zikatoka nje, majina yakasomeka. Ndugu yetu Al-Amin Kimathi na Jukwaa la Haki za Binadamu la Waislamu walizishika karatasi hizo wakazunguka nazo mpaka dunia ikajua. Halikuwa jambo la bure. Septemba 2010 Kimathi alikwenda Uganda kufuatilia kesi ya washukiwa wa mabomu ya Kampala, akakamatwa yeye mwenyewe, akakaa gerezani karibu mwaka mzima kabla mashtaka hayajaondolewa. Kwa hiyo nikikwambia "fuata karatasi" sikwambii kama mtu anayekutuma dukani. Najua lina gharama.

Turudi nyumbani Kiambu. Mwaka 2020 Francis Kimemia, aliyewahi kuwa mkuu wa utumishi wa umma na wakati huo akiwa gavana wa Nyandarua, alisema waziwazi kwamba ile dola ya chini kwa chini ipo na inaweza kumwinua mgombea. Watu wakaishika hiyo kauli. Mpaka 2022 kila steji ya boda boda ilikuwa na mtaalamu wa "sistimu", anayekueleza kwamba mambo yameshapangwa, Uhuru Kenyatta ameshachagua mtu wake, hesabu imekwisha. Ikafika Agosti. Raila Odinga, aliyeungwa mkono na rais aliyekuwa madarakani, akatangaziwa asilimia 48.85, na William Ruto 50.49. Na hapa Kiambu, nyumbani kwake Uhuru mwenyewe, Ruto alizoa kura kwa wingi. Hao waliompa ni wewe, jirani yako na mama mboga wa hapo chini. Kama walifanya vizuri au vibaya si mada yangu, kila mtu anajua alivyolipa. Ninachosema ni kwamba sistimu ilisimama upande mmoja na watu wakasimama upande mwingine.

Halafu tarehe 27 Machi 2023, ikiwa ni miezi sita tu baada ya Uhuru kuondoka Ikulu, watu waliingia shamba la Northlands la familia ya Kenyatta hapa Ruiru, wakakata miti, wakawasha moto na kuondoka na kondoo. Mimi sishangilii, wizi ni wizi hata kama mwenye mali ni tajiri, na aliyefunga swaumu hawezi kufurahia mali ya mtu kuporwa. Lakini kwa wale wanaosema familia hiyo ndiyo inayoendesha nchi milele, hebu waniambie, siku ile askari walikuwa wapi?

Kwa hivyo nguvu za nyuma huhama. Leo ziko hapa, kesho ziko kwa mwingine. Zile zisizohama haraka ni za mwenye kukukopesha na za mwenye kukodi ardhi yako.

Tuchukue deni. Aprili 2021 Kenya iliingia programu ya miaka mitatu na zaidi na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, ya dola bilioni 2.34, na moja ya masharti ilikuwa kuongeza mapato ya kodi. Juni 2024 kulikuwa na mkopo wa hati fungani wa dola bilioni 2 unaoiva. Ndani ya presha hiyo ndipo ukaja Mswada wa Fedha wa 2024, uliotaka kukusanya shilingi bilioni 346 zaidi, na kwa mara ya kwanza alipoanza tu kusomwa tukaona mkate umewekewa kodi ya asilimia 16. Mkate uliondolewa kabla ya kura, lakini mengine mengi yakabaki. Tarehe 25 Juni wabunge 195 wakasema ndiyo, 106 wakasema la. Vijana waliingia Bungeni siku hiyo, wengine wakauawa, na usiku risasi zikalia Githurai, hapo hapo katika eneo bunge la Ruiru. Kesho yake rais akasema hatausaini.

Angalia vizuri nani alifanya nini. IMF haina kura Bungeni. Iliweka sharti la mapato, lakini haikukaa kwenye kiti cha mbunge wako ikabonyeza kitufe. Kati ya kuongeza kodi, kupunguza safari za wakubwa na kuziba mianya ya wizi, waliochagua kuanza na mfuko wako ni viongozi uliowapigia kura, na majina yao na jinsi walivyopiga kura yameandikwa. Ukimwambia mbunge "ni IMF iliyokulazimisha" atafurahi sana, atakununulia na chai. Na Desemba mwaka huo huo, watu wakiwa wamechoka, baadhi ya kodi zile zilirudi kupitia sheria nyingine ya marekebisho ya kodi. Wangapi kati yetu walikuwa macho?

Na ardhi je? Sisi tunaishi ndani ya jibu. Ukitoka Thika unapita mananasi ya Del Monte mpaka macho yanachoka. Wanavijiji wa kando ya shamba walilalamika miaka mingi juu ya walinzi, kuwa wanapiga watu wanaoingia kuiba mananasi, na wengine kufa. Walilalamika kwa machifu, kwa polisi, kwa wanasiasa waliokuja kuomba kura. Juni 2023 gazeti la The Guardian la Uingereza na waandishi wenzake wa uchunguzi wakachapisha madai hayo pamoja na majina na ushahidi wa familia. Duka kubwa la Tesco la huko Uingereza likasimamisha kununua kutoka shamba hilo. Mwaka uliofuata kampuni ikabadilisha walinzi.

Mimi jambo hili huniuma kuliko yote niliyoyataja. Mnunuzi wa mananasi aliye mbali, ambaye hajawahi kukanyaga Thika, alisikika haraka kuliko mama wa hapa aliyempoteza mtoto. Huo ndio mkono wa nyuma wenyewe, hauna kilemba cha siri wala alama ya jicho moja, ni mteja tu mwenye oda kubwa. Lakini uliguswa na nini? Uliguswa na watu wa kawaida wa vijijini waliokubali kusimulia, kutaja tarehe na kuonyesha makaratasi ya hospitali.

Basi tufanye nini, vijana? Katiba ya 2010, ibara ya 65, inasema mgeni hawezi kumiliki ardhi Kenya isipokuwa kwa kukodi, na isizidi miaka 99. Maana yake kila shamba kubwa la mgeni lina tarehe ya mwisho, na siku hiyo kuna ofisa wa Kenya atakayeshika kalamu. Thika tuna ofisi ya ardhi. Kufanya sachi ya kiwanja si siri ya serikali. Ukitaka kujua kampuni iliyopewa zabuni ya barabara yenu ni ya nani, kuna hati inaitwa CR12, inaonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Ipo pia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayokuruhusu kuiandikia ofisi ya umma na kudai jibu.

Na wazazi mnaosoma ukurasa huu na watoto wenu, Mswada wa Fedha hufikishwa Bungeni kila mwaka kabla ya Aprili kwisha, kisha kamati hutangaza siku za kupokea maoni. Kaunti nayo huita watu kwa ajili ya bajeti yake. Mikutano hiyo huwa asubuhi siku ya kazi, na mara nyingi viti hujazwa na watu walioletwa. Jumuiya ya vijana yenye watu arobaini haiwezi kukosa watatu wa kwenda: mmoja wa kuuliza, mmoja wa kuandika nani alisema nini, na mmoja wa kurudi msikitini Ijumaa kutusomea yaliyoandikwa.